Mihogo Katikati ya Reli

Siku ile mliyoniaga mlinipa mwavuli mweusi mzuri, wenye mkono wa mti. Asanteni. Kifungu cha tisa cha kanuni zetu kinamkataza mlinzi wa reli kufungua mwavuli akiwa zamu, ati utamziba macho, kwa hiyo nimenyeshewa miaka ishirini na minne ndipo nikapewa mwavuli siku ya kwenda nyumbani. Sina neno. Lakini baada ya soda na hotuba, yule bwana mdogo wa usalama alisimama akawasimulia wapya habari za mama wa mihogo: kwamba alisikia tarumbeta la vagoneti, akalipuuza kwa ukaidi wake, akakatwa mguu, na ndiyo sababu kanuni ni kali. Husimuliwa kila mwaka, nami kila mwaka hukaa kimya. Safari hii akanigeukia: "Sivyo, Maman Zuhura? Wewe ulikuwepo." Nikatikisa kichwa kukubali.

Leo ni siku ya tisa tangu nitikise kichwa kile, na nimechoka kukibeba. Mama yule hakusikia tarumbeta lolote. Mnamtukana bure, na mmemtukana miaka mingi mbele yangu. Nitaeleza ilivyokuwa, ila lazima nianze mwanzo, maana nyote mmekuja kazini wakati uzio umeshajengwa na hamjui tulikotoka.

Nilianza miaka michache baada ya uhuru. Nchi nzima haikuwa na treni, na mpaka leo haina, lakini sisi wa kiwanda cha chokaa tulikuwa na reli yetu ya kilomita tatu, nyembamba, kutoka machimbo ya juu ya Nyakabuye mpaka kwenye matanuri kule chini upande wa Bugarama. Asubuhi mashine ndogo ya dizeli ilivuta vagoneti tupu, vile vibehewa vya chuma, kupandisha mlima, ikikohoa hata ng'ambo ya kilima cha pili wakaisikia. Zikishajazwa mawe ziliteremka kwa uzito wake zenyewe, tano tano, na mtu mmoja amesimama nyuma akishika breki. Hazikuwa na injini. Zilikuja kimya, na siku ya mvua hata mimi niliyezisubiri zilinishtua.

Kazi yangu ilikuwa kushusha na kuinua bariyeri, kizuizi cha njia panda, pale watu wanapovuka kwenda sokoni. Msidhani niliipata kwa akili. Wanaume watatu walinitangulia, na wote watatu waliiacha bariyeri wakafuata pombe ya ndizi. Mkurugenzi akasikia kwamba mke wa mwashi wa matanuri ni Mwislamu wa Kamembe, binti wa fundi viatu, na kwamba hanywi. Akasema, mleteni huyo.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa bendera mbili, filimbi, spana, na kitabu cha kanuni cha Kifaransa. Nilisoma shule ya masista miaka sita, kwa hiyo nilikisoma. Jamani! Kilinakiliwa kutoka reli kubwa ya mahali fulani, bila mtu kukaa akafikiri. Kifungu kimoja kilikataza abiria kutoa vichwa madirishani. Abiria wetu walikuwa mawe. Kingine kilisema mtu yeyote asiyehusika akae mita tano kutoka kwenye reli. Kulikuwa na nyumba kumi na kitu ambazo vitanda vyake vilikuwa mita tatu kutoka kwenye reli, na hao watu walikuwepo kabla ya reli. Niwaambie nini, walale nje? Kingine kilitaka ng'ombe avushwe kwa kushikwa pembe na watu wawili wazima. Jaribuni kumshika inyambo, ng'ombe wetu wa pembe ndefu, kisha mje mnipe habari.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Selemani, mtandikaji wa reli aliyefanya kazi zamani ng'ambo, Kongo, akaacha huko vidole viwili. Hakupenda kitabu. Alinipigisha magoti, akanifanya niweke kiganja juu ya chuma mpaka nikajua mtetemo wa vagoneti tupu na wa zilizojaa, na kipi ni mtetemo wa mwoga anayekaza breki mapema. Alinifundisha kusikiliza ishara ya juu: kipande cha reli kilichoning'inizwa machimboni, kikigongwa mara tatu maana yake zimeachiwa. Kuhusu kanuni alisema mara moja tu, akisokota tumbaku.

"Zuhura, hii kitabu iko na maneno mingi ya bure. Ndani yake iko moya ya kweli kabisa. Shida ni kwamba hawakuandika ni gani."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa kizee.

Sasa watu. Kanuni zilinichosha, lakini watu walinichosha zaidi. Mvua ikinyesha barabara yetu iligeuka uji, na mahali pakavu palikuwa tuta la reli tu. Basi kila mtu alipita humo: mama mwenye kikapu, mwalimu na baiskeli, walevi wakishikana mabega. Watu walikaa juu ya chuma kama wako kwenye benchi la kanisa, wakizungumza. Walifunga mbuzi kwenye reli! Nilipiga filimbi mpaka midomo ikapasuka. Jibu lilikuwa moja, kwa upole kabisa: "Maman, si hii ni njia?" Siku moja alikuja burugumesta mwenyewe, mkuu wa eneo letu, viatu vinang'aa, anatembea juu ya mataruma hatua kwa hatua ili asichafuke. Nikainua bendera nyekundu. Akaniambia yeye ndiye aliyetia saini amri ya kukataza watu kupita pale, kwa hiyo anaijua vizuri. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wetu ulikata akina mama wenye vikapu tu.

Lakini aliyenitoa roho kuliko wote alikuwa Maman Furaha. Alikuwa Mushi, kabila la upande wa Bukavu, ameolewa kwetu, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyeuza unga wa muhogo kwenye mpaka wa Rusizi ya kwanza. Nyumba yake ilikuwa kwenye kona, hatua mia mbili chini ya bariyeri yangu, mahali nisipopaona. Yeye hakupita relini. Yeye alianika mihogo katikati ya reli.

Mnacheka, lakini alikuwa amepima. Kokoto nyeusi zilishika joto mpaka jioni, tuta lilikuwa juu ya unyevu, na matumbo ya vagoneti yalikuwa juu kiasi kwamba zilipita juu ya mkeka bila kugusa kipande. Nilimnyang'anya kikapu kila wiki, kama kifungu kinavyotaka, na kila jioni nikamrudishia, jambo ambalo kifungu hakilitaki.

"Maman Furaha, siku moja utakufa hapo."

"Nitakufa na nini? Tarumbeta ikilia, natoka. Haiyalia, naanika. Weye unasoma kitabu, miye nasikia na masikio."

"Na vumbi la chokaa linaloanguka juu ya mihogo?"

"Ile inafanya bunga inakuwa mweupe. Bateja banapenda."

Nikagombana naye miaka, na katikati ya kugombana tukawa marafiki. Alinizalisha mtoto wangu wa tatu palepale kwenye kibanda cha bariyeri, huku vagoneti zinapita, na hakuna kifungu kilichosema lolote juu ya hilo.

Tarumbeta alilolisema lilikuwa la shaba, dogo, na alilipuliza mtu wa breki kabla ya kila kona. Mtu wa breki wa zamu yetu alikuwa Papa Anasitazi, baba wa watoto sita, mpole mno, mwenye mapafu ya ng'ombe. Kupuliza kabla ya kona kulikuwa kifungu cha nne. Mstari mmoja tu, kati ya kurasa zote zile.

Kisha mume wa Maman Furaha akafa. Aliugua wiki moja tu. Mnajua matanga yetu ya kilimani yalivyo. Majembe yanalala, redio zinazimwa, watu wanaongea chinichini kama wanaogopa kumwamsha mtu. Na katikati ya ukimya huo, mara nne kwa siku, tarumbeta la Anasitazi likalia ukutani mwa nyumba yenye msiba. Siku ya kwanza jioni, kaka wa marehemu alikuja bariyerini na wazee wawili.

"Maman Zuhura, sisi tuko na maiti ndani, nanyi munapuliza kama kwa harusi. Hata kama ni kazi, haya haiko?"

Nilikuwa nimetoka kulia ndani ya nyumba hiyo. Niliona haya. Na nitasema kweli, niliona pia raha kidogo. Miaka yote nilikuwa nimesimamia upuuzi, mita tano, pembe za ng'ombe, miavuli. Hatimaye nilipata kanuni ninayoweza kuitupa kwa dhamiri safi, mbele ya watu, nikaonekana mtu. Kesho yake asubuhi nikamwambia Anasitazi asipulize kwenye kona ile mpaka matanga yaishe.

"Na kifungu cha ine?" akauliza.

"Kifungu cha nne nitakijibu mimi."

Akavua kofia. Alikuwa akitamani mtu amwambie hivyo, kwa sababu na yeye alikuwa amekula chumvi ya marehemu. Akalifunga tarumbeta mshipini.

Hatukuwa na wasiwasi na mjane. Mjane hutoka wapi? Hukaa ndani, juu ya mkeka, wanawake wamemzunguka. Ndivyo tulivyojua, na hata leo ukiniuliza ningesema hivyo hivyo. Tusichojua ni kwamba mchana wa siku ile unga uliisha jikoni, waombolezaji ni wengi, na mawingu yalikuwa yanateremka kutoka upande wa Nyungwe. Mihogo mikavu ilikuwepo, ya kutosha, imeanikwa relini tangu mume alipozidiwa, na hakuna aliyeikumbuka ila mwenyewe. Akawaomba wanawake waende kuianua kabla ya mvua. Wakakataa. Waliogopa. Hawakuogopa vagoneti, waliniogopa mimi, kwamba nitawanyang'anya vikapu. Basi akainuka yeye. Alisema, "Zuhura ni wangu, miye hataninyanganya."

Nilisikia chuma kikigongwa machimboni mara tatu. Nikashusha bariyeri, nikainua bendera, kila kitu kama kitabu kinavyotaka. Vagoneti zikanipita. Anasitazi alishika kofia kifuani, akitazama upande wa nyumba ya msiba. Zikaingia konani kimya kabisa.

Halafu breki ikalia. Halafu akalia Maman Furaha. Waombolezaji waliokuwa wakinung'unika wakapiga kelele, na nikajua kwa namna ya kelele ile kwamba sasa hawamlilii aliyekufa.

Sitawaandikia nilichokiona walipompitisha mbele ya bariyeri. Mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Wanaume waliokuja kuzika walimpakia kwenye ingobyi, machela yetu ya kilimani, wakapokezana mabega mpaka hospitali, huku mvua inapiga na mihogo imesambaa kwenye mataruma. Nilibaki bariyerini. Kifungu cha pili kinakataza mlinzi kuacha kituo, na siku ile nilikishukuru kifungu hicho kwa sababu ya woga wangu.

Wiki ya pili alikuja mkaguzi kutoka Kigali, amevaa tai, pamoja na mkurugenzi na karani mwenye mashine ya kuandikia. Tulisimama hospitalini kuzunguka kitanda cha Maman Furaha, mimi na Anasitazi tumeitwa kama mashahidi. Mkaguzi alimwuliza swali moja la maana: tarumbeta lilipulizwa au halikupulizwa?

Anasitazi alitazama sakafu. Mimi nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Maman Furaha akatutazama, kwanza Anasitazi, kisha mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ilipulizwa. Niliisikia. Nilifikiri nitamaliza kuokota mbele haiyafika."

Karani akapiga mashine. Nikafunga mdomo. Wakanipa karatasi, nikatia saini chini ya maneno hayo, jina langu lote, kwa mwandiko mzuri wa masista. Nje Anasitazi alilia akiegemea ukuta. Baadaye Maman Furaha alimtumia mkewe neno kwamba mguu hautarudi hata nyumba mbili zingine zikilia, na kwamba batoto sita wanakula. Kwangu hakutuma neno. Kampuni haikumpa chochote, kwa kuwa kosa lilikuwa lake, imeandikwa.

Kisha zikaja kanuni mpya, ndizo hizi mlizozikuta. Mita tano zikawa kumi. Ni marufuku kuanika chakula cha aina yoyote, kukaa, kusimama bila sababu, kubeba kikapu kichwani ndani ya eneo la reli. Uzio ukajengwa, watu wakautoboa juma lile lile, na nani angewalaumu, soko lilikuwa upande wa pili. Na kila mwaka somo la usalama, na ndani ya somo, mama wa mihogo, kiziwi kwa ukaidi. Aliyelitunga hakujua. Mimi nilijua, nilikaa mstari wa mbele.

Mnaniuliza mara nyingi kama kanuni za reli zina maana au zimezidi. Zimezidi! Nimesema hivyo maisha yangu yote na sibadiliki. Lakini sikilizeni ubaya wenyewe uko wapi. Mtu akikatazwa mambo hamsini, na arobaini na tisa ni ya kijinga, huzoea kuyavunja yote kwa moyo mmoja. Mimi niliyekuwa mlinzi nilizoea vilevile. Mkono uliokuwa ukirudisha vikapu jioni ndio ulionyamazisha tarumbeta, na haukuhisi tofauti. Mkitaka kazi, kaeni na kitabu kile, futeni mita kumi, futeni vikapu, futeni mwavuli wangu, bakizeni kile ambacho kikivunjwa mtu hufa, kisha kiandikeni kwa herufi kubwa na msimruhusu mtu kukivunja, hata maiti iwe ndani.

Miaka kadhaa baadaye mliajiri karani mpya, binti mwenye mwandiko safi. Ni Furaha, yule mwenyewe, mtoto wa Maman Furaha. Hakuna aliyewaambia. Amekaa kwenye somo lile, kiti cha nyuma, akasikiliza mama yake akiitwa kiziwi, akaandika kama wengine. Nilimwona mara ya kwanza nikajiambia nitasema mwakani. Nilikuwa naogopa kufukuzwa. Baadaye sikuwa naogopa tena kufukuzwa, nilikuwa nimezoea tu, na mazoea yana taabu kuliko hofu. Anasitazi amekwisha fariki, hakuna mnayeweza kumwadhibu. Pensheni yangu imeshapitishwa. Najua jinsi inavyoonekana kusema kweli sasa, wakati hainigharimu kitu. Inaonekana ilivyo.

Juzi nilikwenda kwa Maman Furaha, Nyakabuye, kumwambia kabla sijawapa karatasi hizi. Alikuwa uani anachambua maharagwe, fimbo zake mbili zimelazwa pembeni. Nikamwambia ninaandika.

"Sasa? Kazi imekwisha njo unapata kalamu?"

"Ndiyo."

"Andika. Furaha anarudiaka hapa kila mwaka kisha ile somo yenu. Anakaa, ananitazama mguu, hasemi kitu. Miye pia sisemi. Miye nilisema bongo, ile uwongo ya tarumbeta, kwa ajili ya batoto ba Anasitazi, siwezi kuirudisha mwenyewe. Nilikuwa nafikiri weye utairudisha."

Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nikayamwaga yote bila mpango. Nikamwambia kwamba sikulinyamazisha tarumbeta kwa uzembe, lilikuwa ni jambo la heshima, kaka wa marehemu alikuja, wazee walikuja, nyumba ilikuwa na msiba.

Aliacha kuchambua.

"Heshima ya nani? Walikuja bazee, mukaongea nabo. Kuko mutu aliingia ndani kuniuliza miye? Ile tarumbeta haikuwa inanisumbua, Zuhura. Siku zote ilikuwa inaniambia niko na dakika. Yeye muliyemuheshimu alikuwa amekwisha kufa. Miye nilikuwa muzima."